Watu wa spea: kinachonisumbua kwenye The Island miaka yote hii

Mara ya kwanza naiona The Island nilikuwa nimekaa kwenye benchi la mbao ndani ya kibanda umiza, kiingilio shilingi mia mbili, feni moja inazunguka kwa shida, DJ anatafsiri juu ya sauti ya muvi kama kawaida yao. Kwa wasiozikumbuka enzi zile, DJ alikuwa anaongea juu ya maneno ya wazungu anaweka ya kwake, akikwama neno anatunga. Sasa ilipofika sehemu ambayo inajulikana wale watu wenye nguo nyeupe ni akina nani, DJ akakwama. Neno la "kloni", yaani kiumbe kilichotengenezwa kiwe kopi ya mwingine, hakuwa nalo, na nani alikuwa nalo wakati ule? Akanyamaza sekunde kama tatu hivi alafu akasema, "jamani hawa ni watu wa spea." Kibanda kizima kikacheka. Tulicheka kwa sababu spea tunaijua, spea ni ya pikipiki, ni ya daladala, unaenda dukani unaulizwa unataka orijino au ya kichina. Mtu wa spea hatukuwahi kusikia.

Nimeirudia hii muvi mara nyingi tangu siku ile, nikiwa na subtaito, nikiwa na akili ya utu uzima, na kila nikiirudia naona yule DJ alipatia. Wenyewe kwenye muvi wana maneno yao ya kitaalamu ya kuwaitia wale watu, maneno laini yaliyotengenezwa makusudi ili mteja asishtuke. DJ wetu hakuwa na mteja wa kumlinda, akasema kitu chenyewe.

Kwa ambaye hajaiona niseme kwa kifupi. Muvi ilitoka Julai 2005, kaiongoza Michael Bay, yule wa milipuko, na hadithi yenyewe imewekwa mwaka 2019 ambao kwetu sisi umeshapita. Kuna watu wanaishi ndani ya jengo kubwa lililofungwa, wote wamevaa nyeupe, chakula wanapimiwa, usingizi wao unapimwa, mwanaume na mwanamke kushikana hairuhusiwi. Wameambiwa dunia nje imechafuka kwa sumu na wao ndo waliosalia, na kwamba kuna kisiwa kimoja tu kimebaki safi, na kila mara inachezeshwa bahati nasibu ya nani aende kisiwani. Lincoln Six Echo, kacheza Ewan McGregor, anaanza kuuliza maswali, siku moja anamkuta mdudu, nondo mzima anaruka, anajiuliza kama nje kuna sumu huyu kaponaje. Anamfuata mdudu, anakuta hospitali. Kisiwa hakuna. Ukishinda bahati nasibu maana yake tajiri mmoja huko nje ambaye wewe ni kopi yake anahitaji ini, au moyo, au kubebewa mimba, na zamu yako imefika. Lincoln anakimbia na Jordan Two Delta, ambaye ni Scarlett Johansson, na kuanzia hapo ni magari tu.

Watu wengi wanaoiongelea hii muvi wanaishia kwenye swali la je kloni ni mtu, ana roho, Mungu anasemaje. Mi naona hilo swali muvi yenyewe imelijibu ndani ya dakika ishirini za mwanzo na haina haja ya kulirudia, unawaona wanacheka, wanaogopa, wanatamaniana, wanauliza kwa nini kila siku nguo nyeupe, imeisha hiyo, ni watu. Swali ambalo linaninyima raha ni la upande wa pili wa ukuta. Wale walionunua walijua nini?

Na muvi inajibu vizuri sana, ila inajibu haraka kiasi kwamba ukienda kununua karanga unakosa. Kuna sehemu daktari mwenye kampuni, Merrick, kacheza Sean Bean, anawatembeza wateja wapya. Anawaonyesha mwili umelala hauna ufahamu wowote, anawaambia bidhaa yenu ndo hii, haifikirii, haisikii maumivu, haijui kitu, na inafuata sheria zote za nchi. Wateja wanaitikia kwa kichwa. Sura zao zinaonyesha wamepona kitu. Mi nimesimamisha pale mara nyingi kuziangalia zile sura, hakuna hata mmoja anayeomba kuona wodi, hakuna anayeuliza huyu analishwaje, misuli yake inakuaje kama halalii upande wala haamki. Wamelipa mamilioni ya dola kwa ajili ya mwili na hawana swali hata moja kuhusu huo mwili. Mtu anayenunua Corolla iliyotumika atazunguka gari mara tatu, atafungua boneti, atapiga gia, ataita fundi wake aje asikilize injini. Hawa wananunua moyo hawafungui boneti. Kwa nini? Kwa sababu wanahisi wakifungua watakuta kitu, na wakishakikuta itabidi waamue.

Ndo maana mi nasema ile kampuni biashara yake kubwa wala haikuwa viungo, ilikuwa inauza kutojua, na viungo vinakuja juu yake.

Alafu inakuja siri yenyewe, ambayo kwangu ndo wazo bora kuliko yote kwenye muvi nzima. Merrick anakiri baadaye kwamba mwanzo kweli walijaribu kuwaweka wamelala, bila ufahamu, kama walivyoahidi. Viungo vikagoma. Vikafa. Wakagundua mwili bila maisha hautoi ini zima, lazima mtu aamke, atembee, aongee, aogope, atamani kitu, ndo viungo vinakaa sawa. Kwa hiyo wakawaamsha. Na ukishawaamsha lazima uwape sababu ya kuendelea kuishi, ndo wakatunga sumu ya nje na kisiwa na bahati nasibu. Yaani tumaini lenyewe walilowapa lilikuwa kama chakula cha mifugo, kazi yake ni kufanya nyama iwe nzuri. Kisayansi sidhani kama inasimama, kuna wagonjwa waliokufa ubongo na viungo vyao vinatolewa vinawekwa kwa wengine na vinafanya kazi vizuri tu miaka na miaka. Ila kama picha ya dunia inavyokwenda, siijui muvi nyingine ya risasi iliyoweka kitu kizito namna hii katikati ya milipuko, kwamba unachokitaka kutoka kwa yule mtu huwezi kukipata bila yeye kuwa mtu, na huwezi kukichukua bila kujifanya si mtu.

Niongelee sayansi kidogo kwa sababu najua kuna wanaoangalia hizi muvi wakadhani yatatokea kesho asubuhi. Kondoo Dolly alizaliwa Julai 1996 huko Scotland, taasisi ya Roslin, walichukua seli ya kiwele cha kondoo mwingine, wakachukua yai wakalitoa kiini chake, wakaweka kile cha ile seli, wakapandikiza kwa kondoo wa tatu. Aliyembeba Dolly alikuwa na uso mweusi na Dolly akatoka na uso mweupe, kwa hiyo hata mchungaji asiyejua kusoma angesema huyu si wa huyu. Walijaribu mara 277 kupata mmoja. Na alizaliwa mwanakondoo, mdogo, ananyonya, akakua siku kwa siku kama kondoo wengine. Kwenye The Island wanatolewa kwenye mifuko ya majimaji wakiwa watu wazima, wamewekewa kumbukumbu za utoto wa kutunga, hiyo haipo. Wala kumbukumbu hazirithiwi kwenye vinasaba kama muvi inavyodai pale Lincoln anapoanza kuota ndoto za mwenye mwili, yule tajiri aliyekopiwa. Hata rangi tu haina uhakika, paka wa kwanza wa kukloniwa alizaliwa Texas Desemba 2001 na manyoya yake hayakufanana na ya paka aliyetolewa seli. Kopi ya vinasaba ni kama pacha aliyechelewa kuzaliwa, ana maisha yake.

Na hapo ndo nawaunga mkono waliosema muvi imekosea, ila kosa lenyewe linanisaidia hoja. Kama kloni angekuwa kopi kweli, mpaka kumbukumbu, mpaka roho, basi labda mtu angejidanganya kwamba anajichukulia kilicho chake. Lakini ni pacha. Unamchinja ndugu yako.

Sasa niingie kwenye sehemu inayoniuma. Nusu ya pili ya muvi wanafika Los Angeles, Lincoln anaenda kugonga mlango wa Tom Lincoln, mwenye mwili, mbunifu wa maboti, tajiri, anaishi vizuri na anaumwa ini. McGregor kacheza wote wawili, mmoja sauti ya Marekani mwingine sauti ya kwao Scotland. Hii ni sehemu ambayo muvi ingeweza kukaa nusu saa nzima. Mteja kakutana na spea yake sebuleni! Tom anashtuka, anamtazama, anamshika, na kwa dakika chache unaona kabisa huyu mtu kaelewa, kile alichokuwa hataki kukijua kimekaa kwenye kochi lake kinamwangalia kwa macho yake mwenyewe. Anawaambia atawasaidia. Alafu anaingia chumba kingine, anapiga simu kampuni, waje wachukue bidhaa yao.

Mi sidhani Tom alikuwa mtu mbaya sana, ndo ninachotaka kusema. Anataka kuishi. Kama ni mimi ninayeumwa ini na daktari ananihesabia muda sijui ningefanya nini, na naamini wengi wetu hatujui. Alichofanya Tom ni kile kile alichofanya siku anasaini mkataba, ila safari hii bila ukuta katikati, na imekuwa rahisi vile vile. Muvi ilitakiwa ipumue hapo ituache na hilo. Badala yake wanaingia kwenye gari, wanakimbizana, mwisho Lincoln anamvisha Tom ile bangili ya kloni mkononi, wawindaji waliotumwa na kampuni wanawakuta watu wawili sura moja, kila mmoja anasema mimi ndo mwenyewe, wanampiga risasi mwenye bangili. Tom anakufa. Lincoln anachukua nyumba, viatu na jina lake. Kibandani tulishangilia kwa nguvu, steringi kapona! Nilikuwa mtu mzima ndo nikajiuliza, hivi huyu si kafanya kile kile alichofanyiwa? Kajiokoa kwa mwili wa mwenzake mwenye sura yake. Naelewa alikuwa hana njia, yule mwingine ndo alikuwa anamuuza, simlaumu. Ila muvi haikumpa hata sekunde moja ya kumwangalia yule maiti. Imeruka, ikaenda kwenye sehemu nyingine, na hilo ndo kosa lake kubwa kuliko hata mambo ya kumbukumbu na vinasaba.

Aliyeiokoa ni Djimon Hounsou. Kacheza Laurent, kiongozi wa wawindaji, mtu wa kukodiwa, mweusi pekee mwenye nguvu kwenye hadithi nzima na anafanya kazi ya kuwakamata waliotoroka, hilo peke yake lina historia ndefu. Hounsou ni mzaliwa wa Cotonou, Benin, alienda Ufaransa akiwa mdogo na kuna kipindi alilala nje mitaani Paris, na kabla ya hapa alishacheza mtumwa aliyeongoza uasi melini kwenye Amistad mwaka 1997. Laurent anakuja kusimulia kwamba huko Burkina Faso baba yake aliuawa kwenye uasi, na yeye na ndugu zake wakachomwa chapa mwilini ili kila atakayewaona ajue hawa ni pungufu ya watu. Anayasema taratibu, hana hasira ya kuigiza. Na ndo anageuka. Yule Merrick anajitetea kwamba kazi yake itatibu leukemia, saratani ya damu, ya watoto, ni wangapi duniani wanaweza kusema hivyo, na Laurent anamjibu kwa upole kwamba labda wewe na Mungu tu, si ndo jibu unalolitaka. Kibandani hapo DJ hakutafsiri vizuri, alisema tu "bosi umezidi", lakini watu walielewa. Sisi tunatoka pwani yenye soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873 pale Zanzibar, chapa hatuhitaji kutafsiriwa.

Kuna watakaosema sasa hii ni hadithi tu, kukloni mtu kumekataliwa, Umoja wa Mataifa ulishapitisha azimio Machi 2005, miezi michache kabla muvi haijatoka, na tangu hapo hakuna mtu aliyethibitishwa kuzaliwa kwa njia hiyo. Kweli. Na hata mahitaji yake yanapungua, Wajapani chini ya mwanasayansi Yamanaka walionyesha, mwaka 2006 kwa seli za panya na 2007 kwa za binadamu, kwamba seli ya kawaida inaweza kurudishwa utotoni bila kuhitaji yai la mtu, na mwaka 2024 kule Boston mgonjwa aliwekewa figo ya nguruwe. Teknolojia ya Merrick imepitwa. Wateja wake hawajapitwa.

Aprili 2025 vyombo vya habari vya Ujerumani vilitoa uchunguzi wao kuhusu biashara ya figo Eldoret, Kenya. Eldoret, si Los Angeles. Vijana wanatafutwa na madalali, wanaahidiwa dola elfu chache, wagonjwa wanatoka mbali, wengine Ujerumani na Israel, wanalipa pesa ambayo ukiilinganisha na ya kijana unahisi kizunguzungu. Kijana mmoja alisimulia kwamba alipewa karatasi za Kiingereza ambazo hakuzielewa akaambiwa asaini. Serikali ilisimamisha upandikizaji pale na kuunda kamati ya kuchunguza. Nilivyoisoma ile habari nilikumbuka zile sura za wateja wa Merrick wanaitikia kwa kichwa. Mgonjwa anayetoka Ulaya hajaambiwa kwamba kuna kijana kadanganywa, kaambiwa kuna mtoaji, kajitolea, kila kitu ni halali, karatasi hizi hapa. Na anaumwa kweli, dialisisi, ile mashine ya kusafisha damu, inammaliza, hataki kufungua boneti. Simchukii yule mgonjwa. Ila kijana karudi nyumbani ana kovu ubavuni na gari aliyoinunua ishaharibika.

Tena mwaka ule ule wa 2005 ambao sisi tulikuwa tunaletewa muvi, kule Korea Kusini kulikuwa na mwanasayansi Hwang Woo-suk anashangiliwa kama shujaa wa taifa kwa kutangaza ametoa seli kutoka viinitete vya binadamu alivyovikloni. Mwisho wa mwaka ikajulikana matokeo ni ya kughushi. Wengi wanakumbuka uongo wa matokeo. Mi nakumbuka mayai. Alitumia mayai ya wanawake zaidi ya 2,000, na baadhi yalitoka kwa watafiti wadogo wa kike waliokuwa wanafanya kazi chini yake mwenyewe. Bosi wako anahitaji mayai, wewe ndo umeanza kazi, utasema hapana kwa mdomo gani? Hata pale ambapo hakuna kloni hata mmoja aliyetoka, tayari kulikuwa na miili iliyotoa.

Nirudi kibandani. Muvi iligharimu kama dola milioni 126 na kwao Marekani ikaingiza kama milioni 36 tu, wakasema imefeli, wakatafuta wa kulaumu, bango baya, mastaa hawavuti. Pale kibandani haikufeli. Sehemu ya kukimbizana barabarani, yale magurudumu ya treni yanadondoka kutoka kwenye lori yanafyeka magari, watu walisimama juu ya mabenchi. Lakini kimya nilichokisikia siku ile sijawahi kukisikia kwenye kibanda chochote tena, kilikuja mapema, kabla ya magari.

Ni ile sehemu ya mjamzito. Amefurahi kwa sababu ameambiwa akijifungua tu anaenda kisiwani. Anajifungua. Nesi anamchukua mtoto, mama anataka kumwona, anachomwa sindano, macho yanabaki wazi. Chumba cha pembeni kuna mwanamke mwenye sura ile ile, nywele zimetengenezwa, mume yuko pembeni yake, anapokea mtoto, analia kwa furaha, na kilio chake ni cha kweli, ndo kinachotisha. Lincoln anaona vyote. DJ aliacha kutafsiri. Aliacha kabisa, tukasikia sauti ya muvi yenyewe ya Kiingereza na feni. Mama mmoja aliyekuwa kaja kumfuata mwanae amnyang'anye shilingi za nauli alikuwa kasimama mlangoni, akauliza kwa sauti, "sasa huyo mwingine kaambiwa mama wa mtoto yuko wapi?"

Hakuna aliyemjibu. Mwisho wa muvi wale watu wanatoka kwenye jengo, mamia, nguo nyeupe, wanasimama jangwani jua linawapiga, muziki mkubwa, na kamera inawazunguka kutoka juu. Yule mwanamke wa chumba cha pembeni harudi tena kwenye muvi. Yuko nyumbani kwake na mtoto, na siku moja taarifa ya habari itasoma jina la kampuni.